Alama za Penseli za Nyumba ya Mzee Eliudi

Mtaani Nguvumali ukiuliza nyumba ya Anjela, utaulizwa wewe kwanza: Anjela yupi, wa cherehani au wa kusoma? Ni huyohuyo mmoja. Cherehani inamlisha yeye na wanawe, maana mshahara wa mumewe, mlinzi wa nyumba moja kule Raskazone, huisha kabla mwezi haujafika katikati. Lakini kusoma ndiko kunakomfanya atembee shingo imenyooka.

Alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge huko upande wa Muheza, baba yake mkata mkonge aliyetoka bara na hakurudi tena kwao. Shule aliifikia darasa la nne tu. Mama yake aliugua, wadogo walikuwa watatu, na mtoto wa kike ndiye anayeitwa nyumbani. Basi akarudi, akapika, akafua, akabeba maji. Ila herufi hakuziacha. Alisoma makaratasi ya kufungia vitumbua, akasoma magunia, akasoma maandishi ya kwenye khanga za wanawake waliompita njiani mpaka wengine wakadhani anawatazama kwa ubaya. Alipoolewa na kuhamia Tanga mjini, alikuwa anasoma polepole, kidole chini ya mstari, lakini akisoma neno limesomwa.

Sasa, usharika wao una desturi. Kuanzia Januari, joto la kaskazi linapobana hata kwaya inakosa pumzi, mchungaji huchagua kitabu kimoja cha kukuza roho, na usharika mzima husoma hichohicho mpaka masika yakaribie. Watu wanakiita kitabu cha kiangazi. Nakala ni chache, kila jumuiya hupewa moja. Kitabu hulala nyumba hii siku mbili, kikaamkia nyumba ile, na Alhamisi saa kumi jioni jumuiya hukutana, sura ya wiki ikasomwa kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma na wenye macho mabovu. Kitabu hutembea na penseli yake, imefungwa kwa uzi. Uzi huo hutoka kwenye cherehani ya Anjela, kila mwaka. Ukiwa nacho, ukakuta neno limekugusa, unalipigia mstari, na pembeni unaweka herufi ya jina lako. Alhamisi mwinjilisti hufungua na kuuliza: huyu A alikuwa anawaza nini hapa?

Miaka sita, A alikuwa Anjela. Miaka sita, msomaji wa Alhamisi alikuwa Anjela. Na Jumapili ya kufunga kitabu, kila jumuiya inapomsimamisha mtu mmoja mbele ya usharika asome maneno waliyoyachagua, aliyesimama alikuwa Anjela, kwenye gauni aliloshona mwenyewe, kidole chini ya mstari, na kanisa zima likimsikiliza binti wa mkata mkonge.

Mwaka huu akaja Loveness.

Loveness ni binti wa miaka ishirini na minne, Mbondei wa Muheza, mwalimu wa chekechea huko Raskazone. Alipanga chumba kwa Mzee Eliudi, mjane, Msambaa aliyeteremka kutoka Soni enzi za ujana wake na ambaye sasa macho yote mawili yameota mtoto wa jicho, haoni ila weupe wa mlango. Alhamisi ya kwanza Anjela alikuwa na mafua. Mwinjilisti Mathew akasema, "Basi leo atusaidie mwalimu wetu mgeni."

Akasoma. Mwe! Hakuweka kidole. Alisoma huku anawatazama watu usoni, akishuka na kupanda, mahali pa kuuliza akauliza kwelikweli, mahali pa kunong'ona akanong'ona. Wazee walioshinda wakisinzia wiki zote za miaka sita walikaa macho. Mama Praxeda, ambaye hasifii hata chakula chake mwenyewe, alisema, "Huyu mtoto amemeza redio."

Watu wakacheka. Anjela naye alicheka, akapenga kamasi, akasema ni mafua.

Wiki ya pili mafua yalikuwa yamepona, na Mathew akasema tena, "Loveness, tuendelee." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeendelea na pale alipoachia. Anjela alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea kitabu. Akaurudisha, akajifanya anafukuza nzi.

Tangu siku hiyo hakukuwa na Alhamisi iliyompita salama. Alimtazama Loveness kama fundi anavyotazama nguo ya fundi mwingine, akitafuta pindo lililokwenda upande. Aliyaona. Binti anasoma mbio. Akifika kwenye nukta hapumui, anaruka kama mbuzi. Maneno marefu anayameza mkia. Lakini nani mwingine aliyaona? Hakuna. Wenzake waliona meno meupe na sauti tamu.

Na zile alama! Kitabu kilipotoka nyumba ya Mzee Eliudi kilikuwa kimepigwa mistari iliyonyooka, kwa rula, kama daftari la shule. Pembeni, herufi L iliyochorwa vizuri na kajimkia. Mathew alikuwa akiifuata L kama kuku anayefuata mtama. "L alikuwa anawaza nini hapa?" Na Loveness akieleza, mjadala unachukua nusu saa. Ikifika A, jua limeshazama, watu wanatafuta kandambili zao.

"Mama Robert, na wewe hapa uliweka A," Mathew alimwambia Anjela siku moja, huku anafunga kitabu. "Tutaisikia wiki ijayo, sawa?"

"Haina neno, mwinjilisti. Si la maana sana."

Lilikuwa la maana sana. Aliliwaza siku nne.

Nyumbani akimweleza mumewe, yule alikuwa anavaa sare zake za kazi, akafunga mkanda, akasema, "Si afadhali? Utapumzika." Anjela akamtazama mwanamume huyo aliyekula naye chumvi miaka kumi na minane.

Ikafika Februari mwisho. Sura iliyobaki ilikuwa moja, ya saba. Mathew akatangaza: mwaka huu msomaji wa Jumapili ya kufunga hatachaguliwa na mwinjilisti, jumuiya yenyewe itachagua, Alhamisi ya mwisho, kwa mikono. Aliposema hivyo macho ya watu yalikwenda wapi, Anjela aliyaona. Hakuna hata jicho lililopotea njia na kuja kwake.

Wiki hiyo zamu ya nyumba ya Mzee Eliudi ilitangulia, ya Anjela ikafuata. Loveness alikileta kitabu mwenyewe, asubuhi, akienda kazini, bodaboda inamngoja barabarani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Kitabu hiki. Mwe, sura ya saba mama! Utaipenda. Mzee jana kanisomesha mara tatu mpaka koo likakauka."

"Nitaipenda au sitaipenda nitajua nikisoma," Anjela alisema.

Binti akacheka akidhani ni utani, akapanda bodaboda akaenda zake. Akaacha harufu ya mafuta ya nywele.

Anjela alikuwa na sare za shule za kumalizia, sita, na mwenyewe wa sare alishapiga simu mara mbili. Akaziweka pembeni. Akafungua sura ya saba juu ya meza ya cherehani.

Mistari ilikuwa mitatu. Ya rula. Myepesi, imenyooka. Na pembeni hakuna herufi.

Alifungua kurasa za nyuma kuhakikisha. Kule kote L ilikuwepo. Hapa, hakuna. Akakaa anatazama ule weupe wa pembeni. Kumbe tumefika huku, alijisemea. Hata jina hana haja ya kuweka. Anajua tutamjua kwa rula yake. Anajua hakuna mwingine atakayeulizwa.

Binti wake mdogo alikuwa ameacha mkebe wa shule juu ya kitanda, na ndani ya mkebe kulikuwa na ufutio. Anjela hakuwaza sana. Au aliwaza, lakini mkono ulikuwa umeshatangulia. Alifuta mstari wa kwanza taratibu kama anayetoa doa kwenye kitambaa cha mtu. Ukatoka. Akafuta wa pili. Wa tatu ulikuwa umekandamizwa zaidi, akausugua mpaka karatasi ikaota manyoya. Kila mstari alipoufuta aliyasoma maneno yaliyokuwa juu yake, maana hajui kutazama maandishi bila kuyasoma. Ndivyo alivyo tangu kambini.

Kisha akachukua penseli ya uzi, akapiga mstari wake mmoja, mahali pengine kabisa, akaweka A. Kubwa.

"Hodi hapa! Wenyewe mpo?"

Alikuwa Bi Shadya, jirani wa nyumba ya pili, aliyekuja kupima gauni la arusi ya mpwa wake. Aliingia bila kungoja, akavua mtandio, akaketi juu ya sare za shule, akaona vumbi la ufutio juu ya meza na kitabu wazi.

"Eh, Mama Robert! Hicho si kitabu chenu cha kanisani? Unafuta nini, dhambi?"

"Nafuta uchafu, bibi. Watoto wameandikaandika."

"Watoto wa nyumba hii wana rula nzuri," Shadya alisema, akikodolea macho pale palipobaki kivuli cha mstari. Kisha akacheka kicheko chake cha kifuani. "Dhambi haifutiki kwa ufutio, shoga. Ingekuwa hivyo mie ningenunua katoni. Haya nipime, na usinibane hapa kifuani kama mwaka jana, nilikula pilau nimesimama."

Anjela akampima. Alikosea kiuno mara mbili.

Siku mbili zile hakulala vizuri, lakini si kwa majuto. Alikuwa anaona Alhamisi itakavyokuwa: Mathew anafungua sura ya saba, haoni rula, anaona A. Alikuwa akiwaza atakayoyasema. Aliyapanga, akayapangua, akayapanga tena huku anasukuma kanyagio la cherehani.

Alhamisi ya mwisho jumuiya ilikutana kwa Mzee Eliudi, uani. Mkeka mkubwa, mabenchi mawili ya kuazima, birika la chai ya mchaichai na mihogo ya kuchemsha. Na palikuwa na mgeni. Mwanamume wa miaka arobaini na kitu, ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa ua, mguu mmoja ndani mmoja nje, kama mtu ambaye hajaamua kama amefika.

Mathew akamtambulisha. "Huyu ni Yona, mtoto mkubwa wa mzee wetu. Ametoka Soni. Jumamosi anamchukua baba akae naye huko, atazamwe macho. Kwa hiyo mzee leo anatuaga."

Watu wakasema pole, wakasema hongera, hawakujua lipi linafaa. Wote walikuwa wanajua kwamba Yona hakukanyaga nyumba ile miaka tisa. Mzee alimfukuza. Lilikuwa jambo la shamba, na maneno aliyomwambia mwanawe siku ile mlangoni yalisikika mpaka msikitini. Hata sasa, wawili hao waliketi hatua nne kutoka mmoja hadi mwingine, na mazungumzo yao yote yalikuwa ya basi. Linaondoka saa ngapi. Mizigo mingapi.

Loveness akasoma sura ya saba, mbio zilezile, macho kwa watu, pembeni pa kurasa hakupaangalia. Alipomaliza, Mathew akanyoosha mkono apokee kitabu aanze kuuliza alama. Mzee Eliudi akainua fimbo.

"Mwinjilisti, ngoja. Leo mimi ndiye wa kuaga, nina ombi." Alikuwa ametazama mbele, mahali pasipo na mtu. "Humo kwenye sura ya saba kuna mistari yangu mitatu. Nilimwambia Loveness, hapo piga, na hapo, na hapo. Nikamwambia usiniandike jina, Mungu ananijua. Nataka isomwe hiyo mitatu. Hasa ule wa tatu."

Anjela alikuwa ameshika kikombe. Aliona mkono wake ukikishusha mkekani, polepole.

Yangu. Mistari yangu, amesema mzee.

"Ndiyo mzee," Loveness alisema kwa furaha, akafungua. Akafunua ukurasa. Akarudi. Akafunua mwingine, akasogeza kitabu machoni. "Ilikuwa… ngoja. Ilikuwa hapa."

"Soma."

"Mzee, sioni alama zako."

"Huoni vipi? Asiyeona ni mimi."

Wachache wakacheka, wakakoma. Loveness alikuwa anafunua mbele na nyuma. "Nilipiga mzee, haki ya Mungu. Kwa rula. Wa kwanza naukumbuka, ulikuwa wa mti na kivuli." Akausoma: "Mti haujui ukubwa wa kivuli chake, aliyechoka ndiye anayejua."

"Ndiyo, huo. Na wa tatu?"

Wa tatu ulikuwa umemtoka kichwani kwa woga, akasoma mwingine kwa kubahatisha. Mzee akatikisa kichwa. Akasoma mwingine. Sio. Sura ilikuwa ya kurasa kumi na mbili.

"Labda mzee utupe maana yake," Mathew alisema, "tuutafute pamoja."

"Ningeweza kuyasema mwenyewe ningeomba nisomewe?" Sauti ya mzee ilipasuka katikati. Kisha ikawa baridi. "Nilijua. Nilikuwa nikimwambia piga, ananijibu nimepiga, kumbe kakunja mikono. Kipofu ni wa kudanganywa, si ndiyo? Basi. Umenidanganya ndani ya nyumba yangu, mwanangu."

"Baba, acha tu," Yona alisema pale mlangoni. "Si lazima." Akatazama saa ya simu yake. Mguu wa ndani ukatoka nje.

Loveness alikuwa analia bila sauti, machozi yanadondoka moja kwa moja kwenye kitabu. Mama Praxeda akainama kwa jirani yake, lakini mnong'ono wa Mama Praxeda hata wa chooni anausikia. "Na watoto wa watu ndio anawafundisha huyu."

Na Anjela? Ukweli ni kwamba kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa utamu. Mdogo, wa haraka, kama sukari iliyobaki chini ya kikombe. Aliona nyuso zikimgeuka yule binti, moja baada ya nyingine, na alizihesabu.

"Mama Robert," Mathew akasema, amechoka. "Wewe una uzoefu. Hebu tujaribie."

Kitabu kikamfikia, kimelowa pembeni. Akakishika. Vidole vyake vilipajua pale bila macho, palikuwa na manyoya. Ukurasa wa tisa wa sura, chini, upande wa kushoto. Alijua pia kwamba angeweza kubahatisha hovyo kama Loveness, wasiupate, mkutano ukaisha. Au angeweza kuusoma kama aliyejaliwa. Hakuna ambaye angejua.

Akaweka kidole. Akasoma, kwa ule mwendo wake wa kambini, neno kwa neno, akipumua kila penye nukta:

"Uliyemkosea ukimwona, anza wewe. Usingoje uzee ukusemee. Na kama neno la kuomba radhi limekukwama kooni, azima kinywa cha mwenzio, likatoke kwa hicho."

Uani pakasikika birika likitokota. Mzee Eliudi alikuwa ameinamisha uso kwenye fimbo. "Huo," alisema. "Ndio huo." Akanyoosha mkono upande wa mlango, akaukosea mahali, akaunyoosha kwenye nguzo. "Yona. Umesikia?"

Yona akainuka kwenye kiti cha plastiki, akazunguka mkeka, akaushika ule mkono uliokuwa unaipapasa nguzo. "Nimesikia baba." Hakusema zaidi. Akaketi chini palepale, miguu ya baba yake ubavuni.

Ndipo watu wakapumua, na wote wakamgeukia Anjela.

"Asante Yesu! Kaufungua papo kwa papo!"

"Huyu ana macho ya rohoni, nilisema siku zote," Mama Praxeda alisema, ambaye hakuwahi kusema.

"Miaka sita si mchezo," mwingine akadakia. "Jumapili asimame huyu huyu. Mwinjilisti, hata mikono ya nini?"

Ndivyo alivyokuwa amevitamani, vyote, na vilikuja kwa wingi kuliko alivyopanga. Anjela alitaka kutabasamu. Alitazama upande wa pili wa mkeka. Loveness alikuwa amejikunja karibu na birika, anakusanya vikombe ambavyo watu hawajamaliza, ili tu awe na cha kufanya. Mzee, ambaye ndiye baba mwenye nyumba wake, alikuwa amempa mgongo.

Laiti binti angemtazama kwa chuki. Laiti angesema neno moja la jeuri, Anjela angekaa kimya na angelala. Lakini Loveness aliinua macho mekundu, akamwambia, na hakuwa anaigiza, "Asante mama. Sijui ningefanya nini."

"Usinishukuru," Anjela alisema.

"Kweli mama, ume—"

"Nimesema usinishukuru!" Ikatoka kali, watu wakanyamaza. Anjela aliifunga ile sura, akaifungua tena. "Mistari ilikuwepo. Mitatu, ya rula. Niliifuta mimi."

Mathew akasema, "Uliifuta? Kwa bahati mbaya?"

"Kwa ufutio."

"Kwa nini, Mama Robert?"

Hapo ndipo penye kazi. Angeweza kusema alidhani ni uchafu, kama alivyomwambia Shadya. "Nilidhani ni ya Loveness," alisema.

Hakuna aliyeuliza tena. Wote waliokuwepo walikuwa watu wazima.

"Mwe!" alisema Mama Praxeda.

Mzee Eliudi aligeuka. Anjela alijiandaa, shingo imenyooka, apokee tusi au msamaha, chochote kitakachokuja. Lakini mzee hakumgeukia yeye. Alinyoosha mkono wake wa pili, ule usioshikwa na Yona, akaupeleka kule zilikosikika sauti za vikombe.

"Loveness, mwanangu. Njoo hapa. Nimekuita mwongo mbele za watu. Nisamehe mzee wako."

Na Loveness akaenda, akapiga magoti, na wale watatu wakawa kundi moja pale chini ya nguzo, na watu wakaanza kufuta machozi. Mathew, ambaye hakujua la kufanya, akaanzisha pambio, akaanzisha juu mno, wanaume hawakuifikia. Anjela alibaki na kitabu mapajani. Hata radhi, aliwaza. Hata radhi kaombwa huyo binti. Akaona haya kwa kuwaza hivyo, na akaendelea kuwaza hivyo.

Ule mstari wa tatu wa mzee ukachaguliwa kuwa wa Jumapili, na kura ya mikono ikapigwa kabla ya kufunga. "Anayesema Loveness?" Ikainuka yote. Anjela aliutazama wa kwake ukiwa juu ya goti. Ulikuwa mzito kama pasi ya mkaa. Akauinua, si juu sana, usawa wa bega. Mathew aliuona. Akahesabu.

Jumamosi asubuhi Mzee Eliudi aliondoka na bajaji mpaka stendi, Yona mbele na masanduku. Anjela alisimama mlangoni kwake. Mzee hakuweza kumwona, na yeye hakuita.

Jioni yake Loveness akaja, na kitabu, na blauzi iliyochanika kwapani. Alisema amekuja kushonewa blauzi ya kesho. Anjela akaipokea, akaigeuza, akatafuta uzi wa rangi ile. Mashine ikaimba.

"Mama," Loveness alisema, "ule mstari nikiusoma chumbani hautoki kama ulivyotoka kwako."

Anjela alikata uzi kwa meno. Alijua kwa nini hautoki. Alijua mahali hasa penye kosa. Akaikunja blauzi, akampa, akamwambia kesho awahi, viti vya mbele hujaa. Hayo tu. Binti akashukuru, akaondoka, na Anjela akakaa na siri yake dakika nzima, akiionja. Kisha akatoka mpaka barazani.

"We Loveness!"

Binti aligeuka njiani.

"Unakimbia. Ukifika kwenye nukta, simama. Funga mdomo. Hesabu mbili ndipo uendelee. Wewe unasoma kama unadaiwa."

"Mbili?"

"Mbili. Nenda."

Jumapili kanisa lilijaa. Wasomaji wa jumuiya walipanda mmoja mmoja. Wa Nguvumali alipoitwa, Anjela alikuwa benchi la tatu, kwenye gauni lilelile la miaka yote, mikono imefungana mapajani. Loveness alisoma bila kidole, akiwatazama watu. Penye nukta ya kwanza akasimama. Moja, mbili. Penye ya pili akasimama. Kanisa likatulia, likatulia zaidi, mpaka feni za juu zikasikika, na alipofika kwenye kinywa cha kuazima mama mmoja wa jumuiya nyingine, aliyeketi nyuma ya Anjela, alivuta pumzi.

"Huyu binti anasoma huyu," yule mama alinong'ona, akimgusa Anjela begani. "Nyie mmemtoa wapi? Kafundishwa na nani?"

Anjela aligeuza kichwa nusu. Jibu lilikuwa mdomoni, tayari, tamu. Mbele kule Loveness alifunga kitabu, na watu wakasema Amina kwa sauti ambayo wao, miaka sita yote, hawakuwahi kumpa Anjela.

"Mwalimu yule," Anjela alijibu. "Amesoma." Akageukia mbele. Kisha akaongeza, kwa sauti ambayo mama yule hakuisikia vizuri, "Ila maneno marefu bado anayameza mkia."